Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Zizi la Editha

Watu wa kijijini kwetu wakitaka kumsimulia Editha, wanaanza na siku aliyosema uongo mbele ya watu wa mradi. Wanakosea. Editha hajui kusema uongo. Uongo ule ulikuwa wangu, yeye aliutunza tu kama alivyotunza ng'ombe wangu. Mimi ndiye Filipo, na kabla hujaniuliza kwa nini nasimulia habari za mke wa mtu, ujue kwamba marehemu mume wake, Peniel, alikuwa rafiki yangu, na mambo haya hakuna mwingine aliyeyajua tangu mwanzo.

Nyumba yake iko bondeni, upande huu wetu wa Ikungi, pale udongo mweusi unapoanza. Ni tembe: kuta za miti na udongo, paa la bapa lililojazwa udongo juu, nyumba ya namna tuliyozaliwa wote humu kabla bati halijawa jambo la kila mtu. Tembe haina ubaya ukiihudumia. Kila kiangazi unapanda juu, unaongeza udongo, unashindilia, unaziba nyufa kwa kinyesi cha ng'ombe. Lakini kazi hiyo inataka mwenye nguvu, na Editha amebaki na mjukuu mmoja, Joyce, wa miaka minne, ambaye mama yake yuko Itigi anawauzia chakula wasafiri wa treni. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa ambao mkono wangu ulipita mpaka kwenye kiwiko. Najua kwa sababu niliujaribu.

Editha mwenyewe ni mwanamke mwembamba, anatembea upesi, anaongea kidogo. Analima uwele na alizeti. Ukimpa kitu anakishika kwa mikono miwili, na ukimwomba kitu anakwenda kukileta bila kuuliza cha nini. Mtu wa namna hiyo mimi ananitia wasiwasi.

Maana mimi simwamini mtu. Nasema bila haya. Baba yangu alikuwa na ng'ombe arobaini na kitu katika zizi moja, akipenda kusimama asubuhi awatazame wakitoka na watu wamwone anavyowatazama. Homa ya mapafu ikaingia mwezi wa tano. Kufika wa nane tulikuwa na watano, na wale waliokuwa wakimwita baba mzee mkubwa wakawa wanapita njia nyingine. Hapo nikajifunza lile ambalo wazee wetu walilifanya siku zote na baba akalipuuza kwa majivuno: ng'ombe unawagawa. Watatu kwa huyu, wanne kwa yule, kijiji hiki na kile. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanapona. Jua likichoma malisho ya huku, kule kuna majani. Anayekutunzia anakamua maziwa, anachukua mbolea, anawafunga jembe msimu wa kulima, na baada ya miaka unampa mtamba mmoja wa shukrani uwe wake.

Wajibu wake ni mmoja mkubwa. Mtu akimuuliza ng'ombe hawa ni wa nani, anajibu, "Ni wangu." Hata muulizaji akiwa ndugu yako wa tumbo moja. Na huku kwetu, kumuuliza mtu ng'ombe wa zizini mwake ni wa nani ni kukosa adabu, kwa hiyo watu hawaulizi, wanabaki kushuku tu.

Desturi inataka shahidi. Siku ya kukabidhi mnakaa watatu, mwenye mali, mtunzaji na shahidi, ili mmoja akifa pawe na wa kusema. Mimi shahidi nilimkataa. Nilimwambia Peniel kwamba shahidi ni mdomo wa ziada. Peniel akacheka, akasema kama ndivyo nitakavyo basi. Nilimletea majike manne na fahali mmoja, nikamwambia hata akija askari na bunduki, sema wangu. Miaka ikaenda wakawa kumi na mmoja. Peniel akaugua kifua akafa. Kwenye msiba nililia, kweli nililia, lakini jicho langu moja lilikuwa zizini linahesabu. Walikuwepo wote.

Mke wangu Martina hakujua. Usinitazame hivyo. Ningemwambia Martina, angemwambia Gerald, mtoto wetu wa kwanza, ambaye yuko Shelui kwenye maegesho ya malori na kila akija nyumbani hana habari nyingine ila pikipiki. Ng'ombe wangu wangeishia kuwa matairi. Kwa hiyo zizini kwangu kulikuwa na mbuzi wawili, na nyumba yangu nayo ilikuwa tembe. Martina alianza kuniomba bati Gerald akiwa darasa la tatu, nami nikawa namjibu, kwa mali gani? Mvua ikinyesha alikuwa anasogeza sufuria chini ya tone, anahamisha kitanda, hasemi neno. Chai tulikunywa ya rangi. Na kila Jumanne asubuhi nilikuwa nakwenda bondeni, nikisema namjulia hali mjane wa rafiki yangu. Martina alikuwa akinitazama ninavyovaa koti, anasema, nisalimie, kwa sauti ambayo sikuipenda. Nilijua anachodhani. Nikaona heri adhani hivyo kuliko ajue ukweli.

Basi, mwaka ule redio ilikuwa inatangaza kwamba mvua zijazo zitapita kawaida. Mradi mmoja, jina lake refu silitaji, ukataka kupima ni kaya gani zitaanguka mvua ikizidi au isiponyesha kabisa, ili wale walio hatarini zaidi wapewe bati, mbao na chakula cha miezi ya njaa. Ndivyo alivyotangaza mwenyekiti wetu wa kijiji, Elisha. Mimi katika maneno yale yote nilisikia moja tu: wanakuja kuhesabu.

Mimi nawajua wanaohesabu. Zamani walihesabu vichwa vya watu wakatoza kodi ya kichwa. Wakatuhesabu kaya kaya wakatuhamisha kwenye mashamba yetu na vyombo kichwani. Walipotangaza hereni za ng'ombe niliwaambia mimi sina sikio la kuvalishwa hereni. Sasa hawa wanakuja kupima umaskini. Umaskini unapimwa ili iweje? Nikaficha redio ndani ya kihenge. Baiskeli nikailaza nyuma ya nyumba nikaifunika mabua ya mtama. Nikavaa shati ambalo Martina alikwisha kulifanya tambara la jikoni, naye akauliza kama nimerukwa na akili.

Alikuja binti mmoja mdadisi wa mradi, anaitwa Janeth, mtu wa Dodoma, mpole, amebeba kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga. Akanipa shikamoo kwa heshima, akakaa kwenye kigoda. Akaanza. Paa ni la nini? Nikamwambia, binti yangu, unaliona. Akasema lazima aulize. Sakafu ni ya nini? Siku saba zilizopita tulikula mara ngapi kwa siku? Nikasema mara moja, Martina akaniangalia. Kuna redio? Hakuna. Kuna baiskeli? Hakuna. Ng'ombe? Nikamwonyesha zizi kwa kidevu. Akasimama mlangoni dakika nzima anangoja mashine yake ijue nyumba iko wapi duniani, nami nikajisemea, haya, wamekwisha kupima na uwanja.

La mwisho aliniuliza hivi:

"Baba, mvua ikiharibu mazao yote, mtaishi kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa tayari mdomoni. Tutaishi kwa wale walio kwa Editha, na wale walio kwa Godfrey ng'ambo ya mbuga, na wengine kwa watu wengine wawili. Hilo ndilo swali nililolijibu maisha yangu yote kwa vitendo, na hakuna profesa aliyenifundisha.

"Kwa neema ya Mungu," nikamwambia.

Akaandika. Sijui neema ya Mungu inapewa alama ngapi.

Siku mbili baadaye Martina alirudi kisimani anacheka. Akasema sisi tunamhurumia Editha bure, Editha ni tajiri, amewaambia wadadisi kwa mdomo wake kwamba ana ng'ombe kumi na mmoja, wake mwenyewe, na ameweka dole gumba. Akasema na mimi niache kumpelekea salamu kila Jumanne, nimpelekee barua ya kuomba mkopo.

Sikucheka. Dole gumba! Nilikaa nikayapanga yote: mume amekufa, shahidi hakuna, mwenyewe Filipo ameiambia serikali kwamba ana mbuzi wawili, na sasa karatasi inasema kumi na mmoja ni wa Editha. Nikifika kwa mwenyekiti kudai, ataniuliza, ushahidi uko wapi? Mwanamke mpole yule, anayeshika vitu kwa mikono miwili, amenipiga bao katika mchezo wangu mwenyewe. Na mbaya zaidi, niliona ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Sikungoja Jumanne. Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa bondeni na fimbo na kamba. Nilimkuta anakamua. Joyce alikuwa amechuchumaa pembeni na kikombe, anangoja povu. Editha akanisalimu, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia nimekuja kuchukua ng'ombe wangu.

Hakuuliza sababu. Alisimama, akamimina maziwa ya ndoo kwenye kikombe cha mtoto, akaenda akatoa miti ya mlango wa zizi mmoja mmoja, akaiegemeza. Wakatoka. Nikahesabu. Kumi na wawili. Nikahesabu tena.

"Huyu amezaliwa Ijumaa," akasema, akinionyesha ndama mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. "Nilikuwa nakungoja Jumanne uje umwone."

Unafikiri nililainika? Thubutu. Nikajisemea, ananionyesha ndama mmoja ili nisahau kumi na mmoja. Nikamuuliza wazi: ni kweli umesema ni wako na ukaweka dole gumba kwenye karatasi yao?

"Nimeweka," akasema. "Binti alinikuta nawapeleka kunywa maji, akaniuliza ni wa nani. Shemeji, siku ulipowaleta ulimwambia Peniel, hata akija askari, sema wangu. Nilikuwa nasonga ugali pale ndani, nikasikia. Hukusema isipokuwa wadadisi."

Akaongeza, taratibu, kwamba anajua ukuta wake, anajua binti yule anagawa bati, na kwamba alifikiri kidogo kabla ya kujibu. Lakini Peniel alikuwa ameahidi, na Peniel hayupo kuvunja ahadi yake, basi yeye hawezi kuivunja kwa niaba yake. Kisha akaniuliza kama nawapitisha njia ya kisimani au ya shuleni, maana ya kisimani ina watu wengi asubuhi.

Ona aibu hiyo. Nimekuja kumpokonya, yeye anafikiria nisionekane. Nikamwambia awarudishe zizini, nimebadili mawazo, malisho ya kwangu hayafai. Akawarudisha. Njiani nilimwaza yule mwanamke, na bado moyo mmoja ukaniambia, subiri, bado mapema kumwamini. Hivyo ndivyo nilivyo.

Mkutano wa kusoma majina ulikuwa mwishoni mwa Novemba, ndani ya darasa la shule ya msingi, maana nje jua lilikuwa la kukaanga. Watu walijaa mpaka madirishani. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa mashariki. Elisha alifungua kwa maneno mengi, Janeth akaketi na kishikwambi chake, mtendaji wa kijiji akasoma majina. Kaya thelathini na mbili. La tisa likawa langu.

Watu walipiga makofi. Martina aliinamisha kichwa. Anaona aibu kuitwa maskini mbele za watu, hata kama ni kwa faida yake. Mimi nilikuwa natazama mdomo wa mtendaji, nangoja jina la Editha. Likapita la ishirini, likapita la thelathini. Akakunja karatasi.

Elisha akauliza kama kuna aliyesahaulika, kwa kuwa mkutano ndio wenye neno la mwisho na baada ya siku ile orodha inakwenda wilayani. Mama mmoja akasema, Editha je, nyumba yake si ile inaonekana anga? Janeth akatafuta kwenye mashine yake. Akasema kwa upole kwamba kaya ya mama Editha ina ng'ombe kumi na mmoja, na kwa hesabu hiyo imeangukia kwenye kundi la wanaojiweza. Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema tajiri anaficha mali kwa kulala kwenye ufa. Nilimtambua kwa sauti, na siku nyingi nilikuwa namshuku kwa mambo mengine.

Elisha akamsimamisha Editha. Alimuuliza kwa adabu, akijua anavunja adabu, maana kazi ilimlazimu.

"Mama Editha, hawa ng'ombe ni wako?"

Mimi nilikuwa nimekaa madawati mawili nyuma yake, naiona shingo yake. Hakugeuka. Angegeuka hata kidogo tu, ningeweza kumchukia, ningesema ananilazimisha.

"Ni wangu," akasema, akakaa, akamfunga Joyce kanga vizuri shingoni.

Mtendaji akashika kalamu kufunga kikao. Nataka niseme ukweli wa dakika ile, maana nimesema uongo wa kutosha. Niliogopa. Nilimwogopa Martina, aliyekuwa pembeni yangu. Nilimwogopa Gerald na pikipiki yake. Niliogopa wezi, na kodi, na wale watunzaji wengine watakaposikia kwamba Filipo amefungua mdomo. Nikajiambia bati zenyewe huenda zisije, miradi mingapi imesoma majina ikapotea? Nikajiambia ukuta ule umesimama miaka mingi, utasimama na mwaka huu. Kisha nikaukumbuka mkono wangu ulivyoingia ule ufa mpaka kwenye kiwiko, na kitanda cha mtoto upande wa pili. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Ng'ombe ni wangu," nikasema. "Nilimpa Peniel kuwatunza. Editha hana hata ukwato."

Hakuna aliyecheka. Elisha alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Akasema mzee Filipo, tunajua una huruma, lakini hapa si mahali pa kusaidiana kwa maneno, yeye mwenyewe amesema ni wake. Unaona? Siku ya kwanza nasema ukweli hadharani, wananishuku. Akamgeukia Editha tena. Editha akasimama, na safari hii ndipo alipogeuka akaniangalia usoni.

"Shemeji, umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe."

"Basi ni wake," akamwambia Elisha. "Na sasa ni kumi na wawili."

Kelele zikaanza. Janeth alikuwa anafuta kitu kwenye mashine, mashine inamkatalia. Mtendaji akafungua tena karatasi yake. Katikati ya hayo Martina akasimama. Martina hasemi mikutanoni. Miaka yote tangu aolewe sijamsikia. Na mbele za watu huniita baba Gerald.

"Filipo," akasema. "Ungekufa, nani angeniambia?"

Nikamtazama Editha, Editha akatazama sakafu. Kila mtu mle ndani aliijua desturi. Mtunzaji amefungwa na neno lake kwa mwenye mali na kwa shahidi, na shahidi hayupo. Martina angekuja na kaniki ya msiba akamuuliza Editha, na Editha, kwa uaminifu ule ule, angemjibu, "Ni wangu." Nilikuwa nimejikinga na ugonjwa, na ukame, na wezi, na watoto wangu, na serikali. Kifo changu sikujikinga nacho, kwa sababu kilikuwa hakinihusu mimi, kilimhusu Martina.

Martina akangoja kiasi cha kutosha watu wote waone kwamba sina jibu, kisha akamwambia Elisha:

"Editha mwandikeni. Huyu mfuteni. Lakini mimi niandikeni, kwa jina langu. Mimi sina ng'ombe."

Janeth alisema kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, kwamba kipimo kinahesabu kaya, hakimhesabu mtu mmoja mmoja. Mume na mke ni kaya moja. Akiwa na mali mmoja, wanayo wote wawili.

"Basi mashine yenu na mume wangu ni ndugu," Martina akasema. Akatoka nje, akaenda nyumbani peke yake.

Jina la Editha liliongezwa mwisho wa orodha kwa kalamu, la thelathini na mbili, baada ya langu kukatwa. Nilikaa nje ya shule mpaka watu wakaisha. Nilipofika nyumbani sikukuta ugali. Niliwakuta Editha na Joyce ndani, wameletewa mkeka. Martina alikuwa amekwenda bondeni kuwachukua yeye mwenyewe, mara tu Editha alipotoka mkutanoni. Mimi aliniambia maneno matatu tu: wanalala hapa kwanza. Nikasema sawa.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tatu, kutwa nzima na usiku kucha. Kulipokucha tulikwenda bondeni wote. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka kwa ndani, na paa lote limeufuata, udongo na miti, juu ya mahali pa kitanda cha mtoto. Editha alisimama pale muda mrefu ameshika mkono wa Joyce. Martina akaanza kuchambua miti iliyo mizima, akaiweka kando, nasi tukafuata.

Bati za mradi zilifika mwezi wa pili, nazo ni kweli zilifika, nakiri. Lakini hatukuzingoja. Nilimpeleka fahali mmoja mnadani, nikanunua bati, na Martina ndiye aliyeamua zianzie wapi. Zilianzia kwa Editha. Za kwetu zilikuja baadaye, zilipofika zile za mradi na Editha akasema yeye anazo tayari, tuzichukue sisi. Gerald alikuwa amekwisha kupata habari kabla bati ya kwanza haijapigiliwa. Alipanda lori akaja, akaanza kuniita mzee wangu kwa heshima ambayo sijaizoea. Namtazama tu.

Sasa limebaki moja. Baada ya mavuno Martina aliniambia nimpeleke kwa watunzaji wote, nyumba kwa nyumba, awaone ng'ombe kwa macho. Nilimwambia hesabu yote, naapa nilimwambia yote, hakuniamini. Tukaondoka asubuhi na baiskeli ile iliyolala chini ya mabua, tukaanzia kwa Godfrey, ng'ambo ya mbuga.

Godfrey ni mtu mzima, mwaminifu, nimemwekea watano tangu zamani. Tulimkuta anawatoa. Martina akamsalimu, akatazama ng'ombe wakipita, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni wa nani. Godfrey akanitazama, akamtazama Martina, akaangalia fimbo yake.

"Wangu," akasema.

Martina akakaa kwenye gogo pale mlangoni pa zizi, akalia. Sijamwona akilia hivyo hata kwenye msiba wa mama yake. Nikamwambia Godfrey, huyu ni mke wangu, mwambie. Hakuniamini, akadhani nimelazimishwa, akaniita pembeni kuniuliza kama kuna mtu ananitisha. Ilibidi niingie mwenyewe katikati ya ng'ombe, nimguse kila mmoja, niseme jina lake na la mama yake na mwaka aliozaliwa. Martina akafuta uso kwa kanga, akainuka. Akaja akasimama karibu nami, naye akawagusa mmoja mmoja, akirudia yale majina baada yangu mpaka akayashika.